Nyuzi Kumi na Mbili

Niliiendesha hesabu mara ya pili kwa sababu Luhende alinichokoza. Sikuwa na sababu nyingine.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Lango la Ipembo. Watu mia tatu walikuwa wametoka alfajiri kwenda kukwangua magadi katikati ya ziwa kavu, kilomita sita kutoka langoni. Luhende, msimamizi wa zamu, alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa ndani ya chumba cha mashine, anapuliza uji.

"Mzee Ntandu, unaisifia mashine kama mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa," alisema. "Kila siku dakika tano, dakika tano. Mimi jioni niko nje na foleni, sijawahi kuiona ikifanya."

"Chagua mtu."

"Nyamizi."

Nikaandika Nyamizi, mmoja wa waliokuwa ziwani. Kabla Luhende hajashusha bakuli, jibu likatoka: 741.

"Hivyo tu?"

"Zamani mtu mmoja ilikuwa sekunde kumi. Sasa ni moja, haifiki hata moja."

"Sikuangalia vizuri. Rudia."

Nikarudia. 738.

"Hiyo siyo ya kwanza," akasema.

Nikarudia tena. 744.

Luhende akacheka mpaka uji ukamwagika kwenye goti. "Inabahatisha. Tumeletewa mpiga ramli wa chuma."

Mimi sikucheka. Mstari ulikuwa ule ule na vipande vilikuwa vile vile. Kitu kimoja ukikijumlisha mara tatu hakikupi majibu matatu, hata kama uliyasoma mahesabu nusunusu kama mimi, wiki tatu Kaliua, miezi miwili Uvinza kwa fundi wa redio, na mengine huko huko barabarani.

Tangu mbingu ya juu ichanike, kila mtu anayetoka nje huvaa bangili inayopima mwanga unaompiga. Bangili inachora mstari. Asubuhi mstari uko chini, adhuhuri unapanda kama kichuguu, jioni unashuka. Kinachomuua mtu siyo urefu wa kichuguu, ni eneo lote lililo chini ya mstari. Ili kulipata eneo lile unaukata mchoro vipande vyembamba sana, kila kipande unakichukulia kama ubao mrefu ambao kichwa chake kimekatwa mshazari, unapima ubao mmoja mmoja, unajumlisha. Kazi ni hiyo tu, ila mbao ni mamilioni. Na mwili nao unasahau polepole. Mwanga wa mwezi uliopita una uzito mdogo kuliko wa jana, kwa hiyo kila jioni lazima uanze upya kuanzia siku ya kwanza ya msimu.

Ukifika mia tisa, siku arobaini baadaye damu inaharibika. Hakuna aliyerudi kutoka huko. Aliyezidi mia nane, ikifika saa tano lazima aingie kwenye mashimo yaliyofunikwa mabati na udongo, akae humo mpaka saa tisa. Aliye chini ya mia nane ana ruksa ya adhuhuri, anaendelea kukwangua. Na namba haisomwi kwa siri. Jioni ninasimama langoni namsomea kila mtu yake kwa sauti, wenzake wakisikia, asije mtu akaificha ili apate ruksa.

Mwaka jana foleni ile ilisimama dakika hamsini nje ya lango, juani, ikinisubiri nimalize kuhesabu jua lililokwisha kuwapiga. Nyamizi ndiye aliyesema, mbele ya watu wote, "Mtani, wewe unatupika ili ujue tumeiva kiasi gani." Yeye Mnyamwezi, mimi Mnyiramba, ana haki ya kunisema atakavyo. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kulala na neno lile.

Mashine yetu tuliitoa kwenye kituo cha hali ya hewa kilichotelekezwa. Ilikuwa na viini kumi na viwili vya kuhesabia, na programu ya zamani ilitumia kimoja, kumi na kimoja vimekaa bure. Nikaugawa mchoro wa kila mtu mafungu kumi na mawili, kila kiini nikakipa uzi wake wa kazi, nyuzi zote zikate na kujumlisha kwa pamoja. Dakika hamsini zikawa nne na nusu. Foleni ikaisha. Nyamizi aliniletea kuku.

"Mzee," Luhende alisema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Sema kitu."

"Chukua watu kumi na wawili," nikamwambia, "wape chaki, wape ubao mmoja. Ubaoni kuna jumla. Kila mmoja akimaliza kupima kipande chake, anakuja, anasoma jumla, anaongeza ya kwake, anafuta, anaandika mpya."

"Sawa."

"Wewe umesoma mia. Kabla hujaandika, mimi nami nimesoma mia. Wewe una tano, unaandika mia na tano. Mimi nina tatu. Ninaandika nini?"

Akafikiri. "Mia na tatu."

"Na tano yako?"

"Umeifuta." Akaweka bakuli chini. "Lakini si ungenisubiri?"

"Niliweka kufuli. Mmoja akishika ubao, wengine wasimame. Jibu likawa sahihi, lakini nyuzi zote zikawa zinapanga foleni ubaoni, hesabu ikachukua dakika sabini. Mbaya kuliko zamani. Nikalitoa."

"Ukalitoa."

"Nilijaribu kwanza. Nilichukua michoro kumi ya siku mojamoja, nikalinganisha na programu ya zamani. Yote ilifanana." Nilikuwa ninalijua kosa huku mdomo unaendelea kulieleza. "Ilikuwa mifupi mno. Uzi wa kwanza ulimaliza kazi kabla wa pili haujaamka, nyuzi hazikukutana. Mchoro wa msimu mzima ndio zinakutana, na kila zikikutana kuna jua linafutwa."

Luhende alifuta uji gotini. Kisha akauliza swali ambalo ningeuliza mimi kama ningekuwa yeye. "Linafutwa tu? Haliongezwi?"

"Linafutwa tu."

*

Dawa yake ilikuwa ndogo hata aibu. Kila uzi uwe na kibao chake mwenyewe, uandike humo bila kumgusa mwenzake, na mwisho kabisa vibao kumi na viwili vijumlishwe na mkono mmoja. Hakuna kufuli na hakuna foleni. Mistari mitano ya programu. Ningeweza kuiandika mwaka jana, kama ningekuwa nimekaa Uvinza mwezi wa tatu.

Saa tano na nusu niliiendesha kwa watu wote mia tatu. Bangili hutuma zenyewe kila dakika, kwa hiyo namba zilikuwa za muda ule ule. Saa tano na dakika thelathini na tano zikatoka.

Watu kumi na mmoja walikuwa nje na ruksa ya adhuhuri ambayo hawakustahili, na wote wangevuka mia tisa kabla ya jioni. Nyamizi alikuwa na 856. Jua la saa ile linaongeza arobaini kwa saa.

"Waambie waingie mashimoni," Luhende alisema.

"Bangili inatuma, haipokei."

"Pikipiki imekwenda kuleta maji, inarudi saa kumi." Alikuwa anajisemea. Akasimama, akaenda kwenye mkono wa king'ora ukutani. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. "Napiga."

"Ngoja. Ukipiga wanafanya nini?"

"Wanaacha kila kitu wanakimbilia langoni. Si ndiyo maana yake?"

"Wote?"

Hapo akaelewa. King'ora chetu kina sauti moja na maana moja. Waliomo mashimoni nao wangetoka, wakimbie kilomita sita juu ya magadi saa sita mchana, saa nzima bila kivuli. Na waliomo mashimoni ni wale waliokaribia.

"Nipe dakika tano nijue," nikasema.

Nilichora mistari ambayo haijachorwa bado, ya kila mtu kama king'ora kingelia saa tano na dakika arobaini, nikaipa mashine iikate. Tulisimama tukitazama. Mashine ilivuma, feni zake zikapandisha sauti.

Jibu: kati ya wale kumi na mmoja, saba wangefika langoni wakiwa chini ya mia tisa. Nyamizi angefika na 899. Na kutoka mashimoni, watu watano wangevuka.

"Saba kwa watano," Luhende alisema. Alikuwa amekwisha kutumbukiza ufunguo. "Watano ni akina nani?"

Ningeweza kukataa kumwambia. Nikamsomea. Mpinga, Kitundu, mama Sitta na dada yake, na Lugwisha fundi viatu.

"Mama Sitta," akasema.

"Wamejificha kama tulivyowaambia. Tukipiga, sisi ndio tunaowatoa."

"Na hao saba?"

"Hao tumewadanganya."

"Tumewadanganya sisi akina nani?"

"Mimi."

Aliuacha ufunguo ndani ya tundu lakini hakuuzungusha. "Nihesabu mimi. Nikikimbia mwenyewe kuwaambia."

Ya mtu mmoja ni sekunde moja. Luhende alikuwa na 881, naye alikuwa hajui. Akikimbia angefika kwao na 921, na angewakuta watatu tu wenye nafasi ya kuingia shimoni kwa wakati. Aliisoma mwenyewe kwenye kioo. Ana watoto wanne, wa mwisho hajaota meno. Akarudi, akakaa kwenye ndoo yake.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Kwa goti hilo? Utafika jioni, wao wanarudi." Hakusema kwa kejeli.

Mlangoni kulikuwa na ukanda wa mwanga. Nilitoka hadi penye kizingiti nikaangalia magharibi. Kulikuwa na wingu juu ya vilima, moja, pana, rangi ya majivu.

"Lile likifika?" Luhende aliuliza nyuma yangu.

"Ngoja."

Niliingiza wingu kwenye hesabu. Dakika nne na nusu. Likifika saa sita na robo, king'ora cha wakati ule kingeokoa wanane na kumgharimu mmoja tu. Lisipofika, kupiga sasa hivi ni wanne kwa watano, maana dakika zilikuwa zimekwenda. Nyamizi bila wingu: 904. Na wingu: 893.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu sikuusema siku ile. Kila jibu lilipotoka nilitafuta kwanza mstari wa Nyamizi, halafu ndiyo nikamsomea Luhende jumla. Kama angekuwa bado na 899 sijui ningemshauri nini. Nilipomwona kwenye 904, nilisema, "Tusubiri wingu."

"Wewe ndiye unayejua," Luhende alisema.

Tulisubiri. Saa sita kasoro dakika tano nikaihesabu tena. Saa sita kamili tena. Kwa programu ya zamani jibu lingechukua dakika hamsini, na Luhende, namjua, asingesubiri. Angekisia. Angezungusha ufunguo saa tano na dakika thelathini na tano, akakosea au akapatia, na mimi ningemlaumu au nisingemlaumu. Lakini majibu yalikuwa yanakuja upesi, tena safi, na kila moja lilikuwa na mlango mdogo wa kuuliza jingine. Je, wakikimbia upande wa kaskazini? Je, wakiacha viatu vya mpira? Kila swali dakika nne na nusu. Na kila baada ya swali mistari ile kumi na mmoja ilikuwa imepanda zaidi kwenye kioo, nami nikiikata vizuri kabisa, bila kupoteza hata kipande kimoja.

Saa sita na dakika kumi wingu lilianza kupasuka katikati.

"Wangapi sasa?" Luhende aliuliza. Hakunyanyuka.

"Wawili kwa wanne."

"Wawili akina nani?"

"Unataka kujua?"

"Hapana."

Saa sita na dakika arobaini mstari wa jumla ya Nyamizi ulipita mia tisa. Nilikuwa ninautazama. Hauna alama, haulii. Uliendelea tu na mwinuko ule ule. Najua alichokuwa anafanya saa ile kwa sababu baadaye alinieleza: alikuwa anamsimulia mwenzake habari ya mbuzi aliyekula chandarua.

Saa saba kasoro dakika tano niliihesabu kwa mara ya mwisho. King'ora kikilia: anayeokoka, hakuna. Luhende alichomoa ufunguo kutoka ukutani, akauvaa tena shingoni, akaomba maji.

*

Walirudi saa kumi na moja, wamefunika vichwa, wanapiga soga. Foleni haikusimama nje. Waliingia wote chini ya paa kama walivyozoea kufanya tangu nilipoleta nyuzi zangu.

Luhende alinivuta pembeni kabla sijapanda kwenye jiwe la kusomea. "Unaweza kuwasomea za jana," alisema polepole. "Leo tu. Walale. Siku arobaini ni siku arobaini, mzee, wakijua wasijue."

"Na waliobaki chini ya mia tisa na hawajui, kama mama Sitta? Yeye alikuwa anajua 810. Ana 868."

"Hao nitawaita mmoja mmoja."

"Watauliza kwa nini wameitwa."

Alitazama watu, akatazama chini. Nikapanda.

Sikuanza na Nyamizi, nilifuata orodha. Mpinga 871. Alishtuka, akasema jana ilikuwa 806, nikasema jana ilikuwa kosa. Neno hilo lilipita kwenye foleni mpaka nyuma. Wa kwanza kati ya wale kumi na mmoja alikuwa kijana wa Sikonge anayeitwa Mabula. Nikasema 943. Alidhani nimesoma kinyume, akacheka kidogo, akawageukia wenzake wamsaidie kucheka. Baada ya hapo hapakuwa na soga. Nilisikia mabati ya paa yakipoa.

Nilipofika kwa Nyamizi alikuwa tayari ananitazama.

"Nyamizi. 991."

"Mtani, umekosea," akasema.

"Nilikosea jana. Na juzi, na tangu mwaka jana. Leo sijakosea."

Aliivua kanga kichwani, akaikunja mara nne kama mtu anayetaka kuiweka kabatini. Mwenzake akamshika mkono na yeye akautoa mkono ule taratibu, kwa adabu.

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa tano na dakika thelathini na tano."

"Leo?"

"Leo."

"Wakati ule nilikuwa na ngapi?"

"856."

Akahesabu kichwani. Si mtu wa shule lakini jua sote tunajua kulihesabu. "Nilikuwa na saa moja," akasema.

"Ndiyo."

"Ukafanya nini, mtani?"

Nilikuwa na maelezo. King'ora, mashimo, watano kwa saba, wingu. Watano wenyewe walikuwa wamesimama pale pale, mama Sitta yuko nyuma yake kabisa, ameshika ndoo. Kama ningeanza kueleza, ningelazimika kuwanyooshea kidole.

"Nilihesabu," nikasema.

Akageuka kwa Luhende kana kwamba mimi nimekwisha kumaliza kazi yangu. "Kesho zamu ya adhuhuri ni akina nani?"

Luhende alikohoa. "Aliyevuka hatoki tena, dada. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ni ya kumzuia mtu asivuke. Mimi nimevuka. Au kuna tofauti ya mia tisa na elfu?" Aliniuliza mimi bila kugeuka. "Fundi, ipo?"

"Siku ni zile zile," nikasema.

"Basi kesho adhuhuri niandike mimi badala ya huyu kijana mwenye 790, yeye alale shimoni. Na keshokutwa. Mpaka nitakaposhindwa kubeba koleo." Alinyoosha shingo kuangalia foleni. "Mabula, wewe unasemaje, au unaendelea kucheka?"

Mabula alikuwa amekaa chini. Akasimama, akaja akapanga foleni nyuma ya Nyamizi, na baada yake akaja mwingine, na mwingine. Hakuna aliyewaita. Wawili kati ya wale kumi na mmoja hawakuja, walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kwa watu wao, na hakuna aliyewasema.

Luhende alikwenda kulichukua daftari la zamu, akanipa bila kuniangalia usoni. Ningeweza kukataa. Nilifikiri juu ya kukataa. Ningekuwa nimekaa na daftari lililofungwa, na kesho saa tano yule mwenye 790, ambaye ni mtoto wa miaka kumi na tisa, angeingia juani.

Nilifungua ukurasa wa kesho, nikaandika jina la Nyamizi kwenye safu ya adhuhuri.

Nyamizi aliinama akatazama. "Andika kwa herufi kubwa," akasema. "Mwandiko wako hausomeki, watanipa zamu ya jioni."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Nikamwita wa pili.